G3, AK ama M4? Kabla hujaandika jina, angalia bunduki yala risasi gani

Ntaanza na kosa langu, manake ndilo lililonipeleka kwenye haya yote. Niko redio hapa Malindi, nasoma taarifa za jioni, na siku moja kulikuwa na habari ya bunduki iliyosalimishwa kwa wazee wa kijiji, nikasoma "bunduki aina ya AK47 na risasi kumi na mbili" vile nilivoandika mwenyewe mchana. Picha nlikuwa nayo kwenye simu lakini sikuitazama kwa makini, nilijua ni bunduki ya kijeshi, na bunduki ya kijeshi kwangu mimi ilikuwa ni AK basi. Taarifa haijaisha simu ikalia. Babu yangu mzaa mama, yuko Lamu mtaa wa Langoni, alikuwa askari wa Kenya Rifles miaka mingi kabla ya kustaafu. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri. "Mjukuu wangu, ile picha nimeiona, ile ni G3. Weye kila samaki wamwita changu?"

Iliniuma, manake kazi yangu ni maneno. Wikendi hio nikapanda basi mpaka Mokowe, boti mpaka kisiwani, nikakaa naye barazani siku mbili na daftari, alafu niliporudi nikasoma zaidi mpaka nikaona njia imenyooka. Nawaandikia nyinyi mnaoandika: ripota wenzangu, mnaotafsiri filamu za vita, mnaotunga hadithi, wanafunzi wa historia, na yeyote anaefuatilia vita vya Sudan au Ukraine na anataka kujua ni nini hasa anachokiona kwenye kioo. Kuchagua ninakosema hapa ni kuchagua jina lililo sawa. Bunduki zenyewe ni za majeshi na polisi, raia hana kazi nazo, na ukiiona moja imefichwa kichakani usiiguse, toa taarifa uondoke.

Neno la kwanza aliloniambia Babu ni hili: "Usitezame sura, uliza yala nini." Na kwa mtu wa Lamu hio si ngumu kuelewa. Mtu akienda kununua boti haanzi na rangi, anauliza mashine ni ya petroli au ya dizeli, manake hapo ndipo anapojua itabeba mzigo gani, itaenda umbali gani na itamla pesa ngapi. Bunduki ni hivo hivo, risasi ndio inayoamua mtutu uwe mrefu kiasi gani, chuma kiwe kizito kiasi gani, askari abebe ngapi na aweze kupiga mfululizo ama la. Ukishaijua risasi, nusu ya jina umeshalipata.

Na wazee wetu walishaliona hili zamani sana. Kiswahili cha pwani kilikuwa na bunduki ya mrao, ile ya kuwashwa kwa utambi. Kulikuwa na bunduki ya gumegume, ya jiwe linalotoa cheche. Kulikuwa na ya fataki, yenye kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa. Alafu ikaja bunduki ya viasi, yaani baruti na risasi na fataki vimeshafungwa pamoja ndani ya ganda moja, kinaingizwa kwa nyuma badala ya kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu kama gobore. Yatazame vizuri majina hayo. Hakuna hata moja linalosema bunduki ni ndefu au fupi au imetoka nchi gani, yote yanasema inavolishwa na inavowashwa. Nilisikitika kidogo nilipoyajua haya, maneno tulikuwa nayo nyumbani, tukayaacha tukabaki na AK47 kwa kila kitu.

Sasa kiasi chenyewe (sikuizi twasema risasi tu, hata mimi ntasema hivo) kina vitu vinne: ganda, fataki kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa mbele, ambacho ndicho kinachoruka. Ukisikia polisi wameokota maganda ujue kichwa kimeshaenda, kilichobaki ni kile kikopo. Na namba zake zasomwa hivi, mfano 7.62×51: ya kwanza ni upana wa risasi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. Hapa ndipo watu wengi tunapopotea kwa sababu twashika ile namba ya kwanza tu. AK ni 7.62, G3 ni 7.62, na ile raifo ya Warusi ya 1891, Mosin-Nagant, nayo ni 7.62, lakini hakuna moja inayoweza kula chakula cha mwenzake. Ganda la AK lina milimita 39, la G3 51, la Mosin 54 na tena lina ukingo kitakoni. Kwaivo ukiandika "risasi za 7.62" na ukaishia hapo hujamwambia msomaji kitu. Waingereza wao zamani walipima kwa inchi, ndio ikaja .303, ambayo ni kama milimita 7.7.

Kwa bunduki za kubebwa na askari mmoja, risasi zimegawanyika makundi matatu, na ukiyashika haya matatu mengine yote yanakuja yenyewe.

Kundi la kwanza ni risasi za nguvu kamili. Hizi zilibuniwa wakati makamanda waliota askari kupiga adui aliye mita elfu moja na zaidi. Humu mna .303 ya Waingereza, 7.92×57 ya Mauser ya Wajerumani, 7.62×54 ya Mosin, na baadae 7.62×51 ambayo nchi za NATO ziliikubali 1954. Kichwa chake ni kama gramu 9 na nusu mpaka karibu 13, na hii ya NATO yatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Bega linaisikia.

Kundi la pili ni la kati. Vita vya pili vya dunia viliwaonyesha Wajerumani kwamba mapigano mengi yako ndani ya mita 300 au 400, yaani kama viwanja vitatu vinne vya mpira, sasa ya nini kumbebesha kijana risasi ya kufika mara tatu ya hapo? Wakakata ganda la Mauser kutoka 57 mpaka 33, wakatengeneza bunduki yake, wakaiita Sturmgewehr 44, na maana ya neno hilo ni bunduki ya shambulio. Hilo ndilo jina lililotafsiriwa na Waingereza na Wamarekani likatufikia sisi kama asoti raifo. Warusi nao walikuwa na yao ya kati, 7.62×39, ya 1943, na ndio mpaka leo chakula cha AK.

Kundi la tatu ni risasi za bastola, na maarufu kuliko zote ni 9×19. Hapa kuna jambo lilinishangaza: kichwa cha risasi ya 9×19 kina kama gramu 8, karibu sawa na kichwa cha AK! Tofauti ni kasi, ya bastola yaenda mita 350 mpaka 400 kwa sekunde na ya AK mita 700 na kitu. Uzito ni mmoja, kasi ni nusu, na kasi ikiwa nusu nguvu huwa robo. Ndio maana fulana ya kuzuia risasi ya kawaida, ile laini inayovaliwa ndani ya shati, inaweza kuizuia ya bastola na isiizuie ya raifo.

Haya, tuje kwenye kulinganisha, na naanza na wawili walioniumbua.

G3 na AK. Kwetu Kenya hizi ndizo mbili utakazoziona zaidi kwenye picha za habari, G3 mkononi mwa askari, AK mara nyingi ile inayokamatwa. G3 ni ya Wajerumani, Heckler & Koch, jeshi lao liliichukua 1959. AK ni kazi ya Mikhail Kalashnikov, jeshi la Usovieti liliikubali 1949. G3 yala 7.62×51, nguvu kamili. AK yala 7.62×39, ya kati. Kutoka hapo kila tofauti yafuata kama mkufu. G3 ni ndefu, mita moja na kidogo, AK haifiki sentimita 90. G3 magazini yake ya kawaida ni ya risasi 20, ya AK ni 30. G3 inaweza kupiga mfululizo lakini risasi ni kubwa mno, mtutu wapanda juu, Babu asema wao walifundishwa kupiga moja moja na aliemimina alijibu kwa sajini. AK ya kati hushikika, ndio kazi iliyoundiwa, kummwagia adui wa karibu. Kwa mbali sasa, mita 500 na kuendelea, G3 yajua inakokwenda na AK imeshaanza kuchoka, risasi yake yashuka chini haraka.

Na kuzitofautisha kwa macho? Babu alinishika mkono akanichorea kwa kidole mchangani. Magazini ya AK imepinda kama hilali. Mimi maisha yangu yote nilidhani ule mpindo ni urembo, kumbe ni risasi! Ganda la 7.62×39 limechongoka, kitako chake ni kipana kuliko shingo kwa kiasi cha kuonekana, ukizipanga thelathini moja juu ya nyingine zenyewe zinapinda, kama ndizi kwenye chana. Ganda la 7.62×51 limenyooka zaidi, ukipanga ishirini zinasimama wima, kwaivo magazini ya G3 ni kisanduku kilichonyooka. Yaani hata ile sura inayodanganya, ukijua pa kutazama yakwambia yala nini. Na ile picha yangu magazini ilikuwa imenyooka kama rula, ndio maana mzee wa miaka yake, kwa kioo cha simu, aliijua kabla mimi sijamaliza sentensi.

Kuna alama nyingine ya ripota anaefika mahali maganda yameshawekewa vibao na polisi (usiyaguse, tazama tu). Chumba cha risasi cha G3 kimechorwa mifereji ya urefu ndani ili ganda lising'ang'anie, kwa sababu G3 haitumii gesi kujikoki kama AK, yatumia viduara viwili vya chuma vinavochelewesha mtambo kurudi nyuma. Ile mifereji inaacha mistari myeusi kwenye ganda, mmoja baada ya mwingine kuzunguka. Ganda la shaba, refu, lenye mistari hio: limetoka kwenye G3 au ndugu zake. Ganda fupi lililochongoka, mara nyingi la chuma lililopakwa rangi: hilo ni la familia ya AK. Ukiwa na hili huandiki "risasi zilizotumika na AK47" kwa kudhania.

Nikiulizwa lipi la kuchagua ukiandika: G3 usiiite asoti raifo, manake risasi yake si ya kati. Najua wengi wanaiita hivo na utaona hata kwenye karatasi rasmi, lakini yeye yuko na FAL ya Wabelgiji na M14 ya Wamarekani, raifo kubwa za vita, zote tatu zala 7.62×51. FAL yenyewe ilitumika na nchi zaidi ya 90, na Waingereza walipoichukua wakaiita SLR waliondoa kabisa ule uwezo wa kumimina, wakaona hauna faida na risasi ile.

AK na M16, au M4. Hawa wote ni wa kundi la kati kwaivo watu wanadhani tofauti ni Urusi na Marekani tu. Tofauti ni risasi tena. Wamarekani miaka ya 60 walikwenda mbali zaidi na ile fikra ya kupunguza, wakachukua 5.56×45, kichwa cha gramu 4 hivi, nusu ya kile cha AK, lakini kinaruka zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Risasi nzima ya 5.56 pamoja na ganda lake ni kama gramu 12, ya 7.62×51 ni kama 24. Hesabu yake hata mchuuzi wa soko la Lamu ataifanya, mzigo ule ule, risasi mara mbili. Na kwa vile ni ndogo na ya kasi, njia yake hewani imenyooka zaidi, mtu asie bingwa anapata shabaha kwa urahisi. AK nayo risasi yake ni nzito zaidi, polepole zaidi, na bunduki yenyewe imeachiwa nafasi kubwa kubwa kati ya vyuma vyake ili mchanga na matope visiifunge. Mtu wa Lamu anajua mchanga unavyoingia kila mahali, hata kwenye chai, atalielewa hilo.

M16 ilianza vibaya Vietnam, na sababu zake zajulikana: baruti ilibadilishwa ikawa inaacha masizi mengi, chumba cha risasi hakikupakwa kromu, na askari hawakupewa vifaa vya kusafishia. Vijana walikufa na bunduki zimewagandia mkononi. Baadae ikarekebishwa. Mimi hio habari hunitia uchungu kila nikiisoma, kwamba kitu kidogo kama aina ya baruti kinaweza kuwa mauti ya mtoto wa mtu.

Alafu Warusi nao wakaiga, 1974 wakatoa AK-74 yenye 5.45×39. Hapa waandishi wa habari za Ukraine wanajikwaa sana, wanasema AK47 wakati bunduki mkononi mwa yule askari ni AK-74 au mtoto wake. Magazini yake imepinda kidogo tu sio hilali kamili, na mdomoni mwa mtutu ina kikopo kinene cha kutoa gesi pembeni. Ukichanganya hizi mbili umebadilisha risasi nzima. Hata ile AK47 yenyewe, nyingi tunazoziona sio zile za 1949, ni AKM ya 1959, nyepesi zaidi, au nakala za Wachina. Kwa habari ya kawaida mimi naona inatosha kuandika "bunduki ya aina ya AK", bila namba, mpaka mjuzi athibitishe. Hio peke yake ingeniokoa na makosa mengi, ingawa sio lile la G3.

Kati ya M16 na M4 hakuna tofauti ya chakula, ni mtu na mdogo wake. Mtutu wa M16 ni milimita 508, wa M4 ni 368, na kitako cha M4 chaingia na kutoka. Hio fupi ndio inayoitwa kabaini, neno la tangu enzi za askari wa farasi ambao hawakuweza kubeba raifo ndefu juu ya tandiko. Kwaivo kabaini sio aina ya risasi, ni urefu. Bunduki inaweza kuwa asoti raifo na kabaini kwa wakati mmoja. Kama jahazi na mashua, mbao ni zile zile na tanga ni lile lile, ukubwa ndio tofauti, na mtu wa hapa hawezi kukosea akaita moja kwa jina la nyingine.

.303 na G3. Hapa ni kinyume chake, wote wa nguvu kamili, tofauti ni mtambo. Lee-Enfield ya .303, waliyoibeba askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki) kwenye vita vyote viwili vya dunia, unaikoki kwa mkono kila risasi, unainua kishikio, unavuta, unasukuma, unashusha. Risasi kumi kwenye magazini. Askari aliefunzwa vizuri alitoa 15 za shabaha kwa dakika moja. G3 yajikoki yenyewe. Ukitunga hadithi ya mwaka 1944 mtu wa KAR hawezi "kumimina risasi" kwa .303, nimeiona sentensi hio kwenye mswada wa rafiki yangu nikaifuta kwa kalamu nyekundu.

Na ukitunga ya 1914 kumbuka na moshi. Askari wengi wa Wajerumani upande wa Tanganyika walianza vita ile na Mauser ya 1871, risasi ya milimita 11, baruti nyeusi, wakati askari wa KAR walikuwa na baruti isiyo na moshi mwingi. Kila askari wa Mjerumani alipopiga, wingu jeupe lilisimama juu ya kichwa chake likamuonyesha alipo. Ndio maana walipoteka bunduki za Waingereza baada ya vita vya Tanga, Novemba mwaka huo, ilikuwa neema kubwa kwao. Ukiandika watu wawili wanaviziana porini na ukasahau moshi, hujaiandika vita ile.

MP5 na G3, hii nasema haraka. MP5 ukiitazama ni kama G3 iliyooshwa ikaruka maji, na kweli ni ya kiwanda kimoja na viduara vile vile vya ndani. Lakini yala 9×19. Kwaivo sio asoti raifo, sio kabaini, ni ya kundi la Uzi na Sterling, bunduki za kumimina risasi za bastola. Za karibu, za ndani ya nyumba. Mimi naandika "bunduki ndogo ya rashasha" na msomaji ananielewa.

Zile zinazofanana na AK ndio mtego mkubwa kuliko yote, hapa Babu alinishika nusu siku. Dragunov ya Warusi, SVD ya 1963, kwa mbali ni AK iliyorefushwa, ina darubini, kumbe yala 7.62×54 ile ile ya Mosin ya 1891, inapiga moja moja, risasi kumi. Hio ni ya mlenga shabaha, wengine wasema mdunguaji. RPK nayo ni AK iliyorefushwa na kupewa miguu miwili mbele, lakini hii yala 7.62×39 kama AK ya kawaida, na kazi yake ni bombom nyepesi ya kikosi. Umeona? Zote mbili zarefusha AK, risasi ndio inayokwambia moja ni ya mbali na nyingine ni ya kumimina. SKS nayo yala 7.62×39 lakini haimimini, kila ukivuta traiga ni moja, kwaivo kwa maana kamili sio asoti raifo, manake asoti raifo yataka mambo mawili pamoja, risasi ya kati na uwezo wa kuchagua moja moja au mfululizo. Vz. 58 ya Chekoslovakia ukiiona utaapa ni AK, risasi ni ile ile, lakini ndani hakuna chuma kimoja kinachofanana, hata magazini haziingiliani.

Na Wachina wakatuongezea kazi. Wana bunduki tatu na zote zaitwa Type 56: moja ni nakala ya SKS, moja ya AK, moja ya bombom ya RPD. Jina moja, mwaka mmoja wa 1956, risasi moja, silaha tatu. Ukikuta "Type 56" kwenye ripoti, rudi kwa alieandika umuulize ni ipi kabla hujatafsiri.

Zile ambazo magazini iko nyuma ya traiga, kama AUG ya Austria au SA80 ya Waingereza, usizihangaikie. Ni mpangilio wa vyuma tu, mtutu unabaki mrefu bunduki inakuwa fupi, nyingi zala 5.56 kama kawaida. Ziite asoti raifo usonge mbele.

Nisiwafiche pia kwamba mipaka hii yasogea. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua raifo mpya ya Sig Sauer inayokula 6.8×51, ganda la urefu wa ile ya G3, kichwa chembamba kidogo, nguvu kubwa, na yapiga mfululizo na magazini ya 20. Sababu waliyoitoa ni fulana za kinga za siku hizi na umbali. Sasa hio ni asoti raifo au raifo kubwa ya vita? Mimi kwa kanuni ya Babu naiweka na G3, risasi ndio inayoamua, lakini nimeona wajuzi wakibishana.

Basi kwenye meza yangu redioni sasa nafanya hivi. Habari ikija na picha, naitazama magazini kwanza, imepinda au imenyooka, alafu nauliza idadi na aina ya risasi kwa alieziona kwa macho yake, alafu ndio naandika jina. Habari ikija bila picha na bila mjuzi, naandika "bunduki ya kijeshi" naachia hapo, ni neno pana lakini halidanganyi. Mtafsiri wa filamu yeye ana nafasi ndogo chini ya kioo, "raifo" yatosha kwa .303 na G3, na "rashasha" yatosha kwa zinazomimina. Mtunzi wa hadithi ndie mwenye uhuru zaidi, na yeye namsihi arudi kwenye gumegume na fataki na viasi kama hadithi yake ni ya zamani, asimpe mtu wa vita vya Shela, kule Lamu, vya 1812 hivi, bunduki ya viasi.

Kwa asoti raifo bado sijaridhika na neno. "Bunduki ya shambulio" ni tafsiri ya Kijerumani, haisemi kitu kuhusu bunduki yenyewe. Nilimuuliza Babu siku ya kuondoka, boti yanisubiri jeti, akafikiri kidogo akasema, "Iite ya kiasi cha kati." Tangu siku hio ndivo ninavoiandika kwenye daftari langu, na nikipata ujasiri ntaisoma hewani. Mwenye neno zuri zaidi alilete.